Nasaha kwa Mwalimu Apokeaye Wanafunzi wa Kijapani

Mwalimu wa Kiswahili wa Arusha aliyezoea kalenda ya shule zetu, ambayo mwaka wake hufunguliwa Januari, hana budi kujua kwamba kwa Mjapani mwaka mpya wa masomo, kadhalika na wa kazi za serikali, huanza tarehe mosi Aprili. Na maadamu Aprili kwetu ni kilele cha masika, mgeni huyo aliyeacha kwao miti imechanua hufika Sekei au Usa River na viatu vyeupe na shauku ya mtu anayeanza maisha mapya, akakuta tope la vichochoro na mwalimu ambaye kwa hesabu yake mwenyewe amekwisha kula robo ya mwaka. Ghairi ya hao wa Aprili wako wanachuo, ambao likizo zao ndefu ni mbili, ya Februari na Machi na ile ya Agosti na Septemba, nao huja kwa majuma machache tu na kutaka kujua kila kitu. Basi kabla hujapanga somo lolote, muulize mgeni wako amekuja kwa muda gani na baada ya hapa anaelekea wapi, kwa kuwa anayekwenda kufundisha hesabu Singida kwa miaka miwili hahitaji yale anayoyahitaji mwanachuo atakayerudi kwao kabla mahindi hayajabeba.

Wala hawa si wageni wa jana. Kikosi cha vijana wa Kijapani wa kujitolea kiliundwa mwaka 1965, na vijana wake wakaanza kuja Tanzania mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Azimio lilipitishwa katika mji wetu huu. Siku hizi kikosi hicho kimo chini ya shirika la serikali yao liitwalo JICA, nalo huwafunza lugha huko huko kwao, katika vituo vya Komagane na Nihonmatsu, kwa muda wa miezi miwili na ushei kabla ya kuwapandisha ndege. Chuo Kikuu cha Osaka kinasomesha Kiswahili; na mwanazuoni Wazaki Yoichi, aliyepata kuishi na kufanya utafiti Mangola, kando ya Ziwa Eyasi katika mkoa huu huu wa Arusha, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kijapani iliyochapishwa mwaka 1980. Nayataja haya kwa sababu moja: mwalimu akimdhania Mjapani kuwa ni karatasi tupu, atamdunisha siku ya kwanza na kumpoteza siku ya pili. Huyu mtu aghalabu anajua tofauti ya *-li-* na *-me-* kuliko kijana wa Kijenge anayemuuzia vocha. Asichokiweza ni kuagiza chai na chapati mbili bila kulitunga lile ombi kichwani kwanza kwa muda wa nusu dakika, hadi mhudumu amekwisha ondoka. Ilimu yake imekaa machoni na katika daftari. Kazi yako wewe, na sijui kazi nyingine iliyo kubwa kuipita hii katika mwezi wa kwanza, ni kuihamishia masikioni na ulimini.

Jambo la kwanza litakalokutatiza ni ukimya. Utauliza swali, darasa zima litakutazama kwa taadhima, na hakuna atakayefungua kinywa. Nawe, kama umezoea wanafunzi wa Ulaya wanaokukatiza hata kabla hujamaliza, utadhani somo halikueleweka, utaeleza upya, kisha utaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi, na mwisho wake utakuwa umewafundisha kwamba wakinyamaza wewe utasema kwa niaba yao. Elewa kwamba katika madarasa mengi ya kwao mtu hujibu alipotajwa. Kujitokeza mwenyewe huonekana ni kujikweza mbele ya wenzake, na kukosea hadharani ni haya kubwa. Kwa hiyo taja jina. Taja kwa zamu inayojulikana, ili kila mmoja apate wasaa wa kujiandaa, kisha subiri. Subiri zaidi ya vile unavyoona ni staha, kwa kuwa ule muda unaokuchoma wewe, kwake yeye ni muda wa kawaida wa kufikiri. Njia iliyo bora zaidi ni kuwapa kwanza wasemezane wawili wawili kwa sauti ya chini, kisha umwombe mmoja akuambie mwenzake alisema nini: hapo kosa, kama lipo, halina mwenyewe.

Na usiulize hata siku moja, “Mmeelewa?” Watasema ndiyo. Mjapani anapomsikiliza mtu humwitikia kila baada ya maneno mawili matatu kwa kutikisa kichwa, nako huko kuitikia si kukubali wala si kuelewa, bali ni adabu ya msikilizaji, mfano wa ile “ehee” yetu mtu anaposimulia safari. Ukitaka kujua kama ameelewa, mpe kitu cha kutenda: mwambie afunge dirisha, akupe kalamu iliyo chini ya kitabu, aende akamuulize mpishi leo kuna mboga gani. Hata hivyo ipo faraja moja katika bab hii, kwamba ukimuuliza, “Hujala?” naye hajala, atakujibu, “Ndiyo, sijala,” sawasawa na sisi, maana ndivyo lugha yake inavyojibu, ilhali Mwingereza kwa jambo hilo peke yake huhitaji majuma.

Nije kwenye matamshi, ambako napenda kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mwalimu asiyejua asili ya mwanafunzi wake hupoteza nguvu bure. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, karibu sana na zetu, na silabi zake huishia kwa irabu kama zetu. Ndiyo maana Mjapani akisoma Kiswahili kwa mara ya kwanza huwashangaza watu kwa ulaini wa lafudhi yake, na mwalimu mvivu husifu na kupita. Lakini sikiliza vizuri. Irabu i na u, zinapobanwa kati ya herufi kama k, s, t na p, yeye huzinong'ona hata zikafifia, akasema “ksikia” kwa *kusikia* na “kpika” kwa *kupika*, bila kujijua kabisa. Silabi *si* humgeukia *shi*, basi anayetaka kukuambia hana pesa atakuambia “shina pesa”. *Ti* huelekea *chi*, *tu* huwa *tsu*, v huwa b, na *huko* yaweza kutoka *fuko*. Haya yote yana dawa moja, nayo sikuitoa katika vitabu vya ualimu bali katika ushairi.

Mjapani hulikata neno lake kwa mapigo yaliyo sawa, na shairi lao fupi la haiku huhesabiwa mapigo 5, kisha 7, kisha 5. Sisi nasi tuna mizani, na mtoto aliyewahi kukaa karibu na mshairi anajua kwamba mshororo wa tarbia una mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Mweleze mwanafunzi wako kwamba nasi ni watu wa kuhesabu, umwone anavyochangamka. Kisha mpigie makofi: *ku-si-ki-a*, makofi manne, na kila kofi lidai irabu yake kamili, isinong'onwe. Katika Kijapani iko n inayosimama peke yake kama pigo zima, kama ile ya mwisho katika jina la nchi yao, *ni-ho-n*, mapigo matatu, mwambie basi kwamba m ya *mtu* na n ya *nchi* ni ndugu wa n hiyo, nazo zapata kofi lake kila moja, asije akasema “mutu.” Mtahadharishe tu kwamba *mbwa* ana mizani mbili kwa kuwa m yake inasimama, na *mbuzi* ana mizani mbili pia ingawa m yake haisimami. Atalicheka jambo hilo, kisha ataliandika, na hatalisahau. Kwa upande wa pili, maadamu kwao urefu wa irabu hubadili maana, ule mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho atausikia kama irabu ndefu, atavuta *baba* ikawa “baaba”. Mpe mapema *kata* na *kataa*, *koma* na *komaa*, ayasikie kwa kupokezana hadi ajue ni wapi tunapovuta kwa kweli na wapi tunapokaza tu.

L na r ni kisa chake peke yake. Kijapani kina sauti moja tu mahali pa hizo mbili, nayo, tofauti na wanavyodhani walimu wengi, iko karibu zaidi na r yetu kuliko l. Kwa hiyo usimsumbue na r, anayo. Mfundishe l: ncha ya ulimi iegemee ufizi nyuma ya meno ya juu, ikae hapo, isipige na kuondoka, sauti ipite ubavuni. Aanze na *lala*, *lea*, *lia*, kwa kuvuta, kabla ya kuziweka l na r jirani katika *kalamu* na *karamu*. Niliwahi kumsikia kijana mmoja akimweleza mzee wa Moshono, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba anatafuta “mahari”. Mzee kwa huruma akamuuliza amepungukiwa na ng'ombe wangapi. Mwache acheke na wenzake, kisha mwambie ukweli, kwamba Watanzania wengi wa bara huzichanganya sauti hizi na hawajafukuzwa nchini. Dh, th na gh usizishupalie mwezi wa kwanza, ila wewe mwenyewe uzitamke sawasawa. Katika mji ambao wengi husema “zambi” na “serasini,” mwalimu aweza kuwa ndiye mtu pekee atakayemsikilizisha mgeni sauti hizo.

Kutokana na hayo mtu atafahamu kwa nini napiga marufuku katakana darasani. Hayo ni maandishi yao ya kuandikia maneno ya kigeni, na mwanafunzi mwenye bidii ataandika juu ya kila neno la Kiswahili matamshi yake kwa katakana, safi kama yaliyochapwa; na katakana haina l na r mbili, wala kwa mazoea haitofautishi *si* na *shi*, basi kila kosa ulilolisahihisha asubuhi atalihifadhi usiku kwa wino. Usimkataze kwa ukali. Mwambie nusu saa ya kwanza ya kila siku madaftari yabaki mkobani, watu wasikie na kusema tu. Kisha uwape imla, ambayo wengi wao huipenda kwa kuwa ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na katika karatasi zile za imla utaona waziwazi ni sauti zipi hawajazisikia bado.

Ngeli, ambazo huwatoa jasho wageni wengine, kwa Wajapani zina mlango wake. Mjapani hawezi kuhesabu kitu bila kukipa neno la jinsi yake: vitu virefu kama penseli na miavuli vina neno lao, vilivyo bapa kama karatasi na mashati vina lao, wanyama wadogo lao, watu lao. Kwa hiyo wazo lenyewe, kwamba vitu vya ulimwengu vimegawanywa makundi na lugha inalidhihirisha hilo, analo tangu utotoni. Lililo geni kwake ni kwamba kwetu kundi hilo hutawala sentensi nzima, toka sifa hadi kitenzi, na kwamba umoja na wingi ni lazima, jambo ambalo Kijapani hakimdai. Anza na watu na vitu vilivyo mezani, A-WA na KI-VI peke yake, juma zima. Atakuomba jedwali. Mnyime hadi juma la tatu, kwa kuwa ukimpa siku ya kwanza atalihifadhi lote usiku ule, na kesho yake hataweza kusema *vikombe viwili vimevunjika* bila kulipitia safu kwa safu moyoni. Vitenzi vya kunyambulika, *lisha*, *lishwa*, *pikia*, usiviogope: lugha yake nayo huongeza viambishi mwishoni mwa kitenzi kutendesha na kutendwa, naye atakupokea mikono miwili.

Namba zahitaji hadhari. Wajapani huhesabu kwa makumi ya maelfu. Elfu kumi kwao ina jina lake, *man*, laki ni *man* kumi, na milioni ni *man* mia, basi akisikia “laki mbili na nusu” utamwona anakokotoa kama karani wa forodha. Mwonyeshe kwamba noti yetu iliyo kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000 na noti yao kubwa ni ya yen 10,000. Aishike ile noti na kuiita *man* moja, kisha kumi ziwe laki, na ugumu nusu umeondoka. Saa zetu ni tatizo la hatari zaidi kwa taifa linaloheshimu dakika, kwani anayeambiwa basi la Dar es Salaam linaondoka saa kumi na mbili asubuhi anaweza kufika stendi karibu na adhuhuri akiwa ametangulia, kwa fikira zake, nusu saa nzima. Fundisha saa siku ya kwanza, si ya kumi.

Baada ya hapo mpeleke Tengeru, Jumatano au Jumamosi, siku za soko, na usimwambie chochote njiani isipokuwa kwamba ndani ya kifodi atamwambia konda “shusha” yeye mwenyewe. Pale chini kwenye mafungu ya nyanya, mama aliyejifunga kitenge atamwita, “Mchina, karibu nyanya.” Mtayarishe kwa hilo mapema, maana ataitwa hivyo soko zima na mji mzima, mara nyingi bila uovu na mara nyingine kwa dhihaka mbaya, na asiyeandaliwa hujifungia chumbani. Jibu lifaalo ni lile la mtu aliyelelewa: “Shikamoo mama. Mimi ni Mjapani.” Nimeona jibu hilo likigeuza fungu la elfu moja kuwa fungu na nyanya tatu juu yake. Katika maduka ya kwao bei haibishaniwi, na kumlazimisha apunguziwe kutamwaibisha. Mfundishe kuomba nyongeza badala ya kupunguza, “Mama, niongezee,” kwani hapo anaomba ukarimu, jambo lisilomtia haya. Akisema nyanya ni “gari sana,” mwache, mama atamwelewa. Na ajue *buku* na *jero*, kwa kuwa ndiyo maneno atakayotajiwa bei.

Katika salamu utamkuta ni mwanafunzi hodari, maana naye ametoka katika watu wanaopima umri na cheo kabla ya kufungua kinywa. Atataka tu kanuni, shikamoo inaanzia miaka mingapi. Hapana kanuni. Mwambie, akimshuku mtu kuwa ni rika la kaka yake mkubwa au zaidi, aseme. Iliyozidi haimuudhi mtu, na akimwamkia kijana wa rika lake atachekwa na kupata rafiki. Amwite mwuza duka *mama*, dereva *kaka*, mlinzi *babu* kama mvi zake zastahili, kwani kumwita mtu kwa jina tupu, bila ya neno la heshima mwishoni, ni jambo ambalo hata kwao halifanywi ovyo. Lugha ya vijana wa Chuga, na machalii wao na *niaje* yao, aifahamu asikie, ila asiitumie mbele ya wazee wa kanisa wala ofisini kwa mkurugenzi. Fauka ya hayo mwonye juu ya mkono wa kushoto: kwao kutoa kwa mikono miwili ni heshima, nasi twalipenda hilo, ila akiharakisha atatoa kwa kushoto bila kujua kuna lawama. Yeye atakuletea zawadi ndogo iliyofungwa vizuri kupita kiasi. Ipokee kwa mikono miwili. Asipotazamia uifungue mbele yake, usimlaumu.

Wale watakaofundisha sayansi na hesabu katika sekondari zetu watakuuliza, na ni haki yao, kwa nini wasome Kiswahili ilhali darasani hufundishwa kwa Kiingereza. Wajibu kwa ukweli: mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili ataelewa kwa Kiswahili kwanza, na chumba cha walimu hakina lugha nyingine wakati wa chai. Ukipata fursa wafanyie zoezi la kueleza sehemu na desimali kwa Kiswahili chepesi; litawafaa kuliko kurasa nyingi za mazungumzo ya hotelini.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mpeleke akalale kwa familia, Nkoaranga au Ng'iresi, siku mbili tatu. Mwambie kabla hajaondoka kwamba jikoni atasikia Kimeru, au lugha ya Waarusha, na kwamba kutoelewa huko si kushindwa Kiswahili; wengine hurudi wamevunjika moyo kwa jambo hilo tu. Mwombe mwenye nyumba awasihi watu wake waseme Kiswahili angalau wakati wa chakula, na kama kuna loshoro au mtori, mgeni aelezwe ulivyopikwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Arudipo Jumatatu, kitabu kisifunguliwe. Mtake asimulie siku moja nzima tokea alipoamka hadi alipolala, *nikaenda*, *nikaona*, *wakaniambia*, nawe usimkatize hata anapokosea mahali ambapo moyo wako unataka kuruka. Andika makosa yake kwenye karatasi yako, na siku ya pili yake uyasahihishe na darasa zima, bila kutaja yalikuwa ya nani.